Mfunza Mbwa wa Televisheni: Maneno Yake, Vitendo Vyake na Hukumu za Watazamaji

Tarehe 13 Septemba 2004 idhaa ya televisheni ya National Geographic, Marekani, ilianza kuonyesha mfululizo wa vipindi ulioitwa Dog Whisperer, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa "mnong'onezaji wa mbwa". Mkuu wa vipindi hivyo alikuwa Cesar Millan, mzaliwa wa mji wa Culiacán katika jimbo la Sinaloa, Meksiko, aliyeingia Marekani akiwa kijana wa miaka 21, bila hati ya ruhusa. Vipindi vilidumu hata mwaka 2012, vikaonekana katika nchi nyingi, na kitabu chake cha kwanza, Cesar's Way, kikatolewa mwaka 2006.

Mpango wa kila kipindi ulikuwa karibu mmoja. Kwanza ilionyeshwa nyumba iliyotaabishwa na mbwa: anauma wageni, au anabweka mchana kutwa, au hakubali mtu yeyote akaribie chakula chake. Wenye mbwa waliketi wakaeleza shida yao, na Millan akawasikiliza. Kisha alishika kigwe, akamkabili mbwa, na baada ya muda mfupi mbwa yule yule alionekana akitembea ubavuni pake bila ghasia. Pamoja na picha hizo yalionyeshwa maandishi ya kuwaonya watazamaji wasijaribu mambo hayo pasipo kumwuliza mtaalamu.

Watazamaji waligawanyika juu ya mtu huyu, na mgawanyiko huo haujakwisha. Wako wamsifuo kwa utulivu wake, kwa mwendo wake usio na hofu, na kwa kuwaokoa mbwa ambao wenyewe walikwisha kata tamaa nao na kutaka wauawe. Wako wamlaumuo kwamba huwatisha wanyama, kisha huuita woga wao utulivu. Kwa juu juu ubishi huu waonekana kuwa ni ubishi juu ya mbwa. Lakini ukichunguzwa, sehemu yake kubwa ni ubishi juu ya maneno. Picha ni moja, mbwa ni mmoja, tendo ni moja. Linalobishaniwa ni jina litakalopewa tendo lile. Kwa hiyo ni jambo liwapasalo wanafunzi wa lugha kulitazama, na zaidi wale ambao kazi yao ni kutafuta istilahi na kufasiri.

Wasikilizaji watatu

Yafaa kwanza kueleza hali ya usemi wa mfunza mbwa mbele ya kamera. Mtu anayemfunza mbwa wake uani kwake ana msikilizaji mmoja tu. Mfunza mbwa wa televisheni ana watatu kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mbwa, ambaye hupokea sauti, mguso na mkao wa mwili. Wa pili ni mwenye mbwa, ambaye hupewa maagizo na maelezo. Wa tatu ni mtazamaji aliye mbali, ambaye hapokei mguso, haoni yote, na husikia pia sauti ya msimulizi asiyeonekana. Usemi ufaao kwa mmoja wa hao watatu waweza kuwa na kasoro kwa mwingine. Aghalabu wamsifuo Millan huwa wanasifu namna anavyosema na mbwa. Aghalabu wamlaumuo huwa wanalaumu namna anavyosema juu ya mbwa. Pande hizi mbili hudhani kwamba zinapingana, kumbe mara nyingi hazizungumzii jambo moja.

Jambo hili halikuanza na Millan. Mwaka 1980 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha vipindi kumi vya Barbara Woodhouse, bibi aliyezaliwa karibu na Dublin mwaka 1910, ambaye wakati ule umri wake ulikuwa umekaribia au kutimia miaka 70. Woodhouse alikuwa mtu wa sauti. Neno lake "walkies", ambalo Waingereza humwambia mbwa kumjulisha kwamba wakati wa matembezi umefika, na amri yake "sit", yaani kaa, iliyotamkwa kwa konsonanti ya mwisho yenye mkazo mkubwa, yalienea katika nchi hata watu wasiofuga mbwa wakayaiga kwa mzaha. Jina la kitabu chake cha mwaka 1978, No Bad Dogs, lilitangaza itikadi yake, kwamba hapana mbwa wabaya. Lawama ni ya wenye mbwa. Kwa ajili hiyo aliwakaripia wenye mbwa mbele ya watu bila haya. Naye pia alisifiwa na kulaumiwa. Waliomsifu walisifu uchangamfu wake na sauti yake. Waliomlaumu walitaja mkufu wa shingoni unaokaza, ambao aliwaagiza watu wauvute kwa ghafla. Hivyo tangu wakati huo sifa zilielekea kwenye usemi, na lawama kwenye tendo lililofunikwa na usemi.

Usemi kwa mbwa

Millan ni kinyume cha Woodhouse katika matumizi ya sauti. Kwa mbwa husema maneno machache sana. Badala ya amri hutumia sauti fupi ya pumzi, ambayo kwa kawaida huandikwa "tsch", pamoja na mguso wa vidole vilivyokunjwa mfano wa kinywa, na mkao wa kifua wazi na mabega yaliyotulia. Sauti ile si neno. Haina vokali wala maana ya kamusi, nayo ni jamii moja na vihisishi ambavyo katika lugha nyingi hutumika kwa wanyama na watoto wachanga. Ilipata umaarufu hata mwaka 2006 wachoraji wa katuni ya South Park wakakiita kipindi chao kimoja Tsst, ambacho ndani yake mama mmoja aliyeshindwa na mwanawe anafundishwa kumrudi mtoto kwa mbinu za Millan.

Mwaka huo huo Malcolm Gladwell alichapisha makala katika jarida la The New Yorker yaliyochunguza mwendo wa Millan. Wataalamu wa mwendo wa mwili na ngoma waliotazama kanda zake walieleza kwamba ishara za mikono yake na mkao wa kiwiliwili chake hukubaliana, na kwamba hurekebisha nguvu za mwendo wake kulingana na kiumbe aliye mbele yake. Kwa istilahi za isimu yaweza kusemwa kwamba njia zake zote za kupasha habari hutoa habari moja. Mwenye mbwa kwa kawaida hutoa habari mbili: kinywa chasema "njoo", na mwili ulioinama mbele wenye mikono iliyokazana wasema "hatari". Mbwa hufuata mwili.

Sifa hii ina msingi. Mwaka 1990 Patricia McConnell wa Marekani alitangaza uchunguzi wake juu ya sauti ambazo wafunza wanyama wa lugha mbalimbali hutumia. Ilionekana kwamba kumwamsha mnyama aende, watu hutumia sauti fupi fupi zinazorudiwa kwa haraka. Na kumtuliza au kumsimamisha, hutumia sauti moja ndefu. Alipowajaribu mbwa wachanga, sauti fupi zilizorudiwa ziliwafanya wasogee zaidi kuliko sauti ndefu inayoshuka. Tena mwaka 2016 Attila Andics na wenzake wa Budapest walitangaza habari za mbwa 13 waliozoezwa kulala kimya ndani ya mashine ya kupigia picha za ubongo. Sehemu za ubongo zinazohusika na furaha ya kupata tuzo ziliitika zaidi pale neno la sifa lilipokuja pamoja na lahani ya sifa; neno peke yake au lahani peke yake havikutosha. Basi mbwa si kiziwi wa maneno, wala si mfuasi wa lahani tupu. Husikiliza mapatano ya mambo hayo mawili. Mtu ambaye sauti yake, mkono wake na mguu wake vyasema neno moja huwa amempunguzia mbwa taabu ya kufasiri, na wasifuo jambo hili kwa Millan hawakukosea.

Usemi juu ya mbwa

Sasa itazamwe sehemu ya pili. Maelezo ambayo Millan huwapa wenye mbwa na watazamaji yamejengwa juu ya maneno machache: mtu awe "kiongozi wa kundi", awe na nguvu ya ndani "tulivu na thabiti", na mbwa naye awe katika hali "tulivu na ya kutii". Husema kwamba mbwa ahitaji mazoezi ya mwili kwanza, kisha nidhamu, na mapenzi mwishoni. Husema pia kwamba yeye huwarekebisha mbwa na kuwafundisha watu. Tena hufundisha kwamba mbwa atazamwe kwanza kama mnyama, kisha kama spishi, kisha kama aina ya mbwa, na mwisho kabisa kama mtu binafsi mwenye jina. Jambo la ajabu ni kwamba huyu aliyeliweka jina mwishoni amepata wapinzani wake wengi kwa sababu ya majina.

Fikira ya "kiongozi wa kundi" ina historia yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alitangaza uchunguzi wake juu ya mbwa-mwitu waliofungwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Yafaa ikumbukwe kwamba hapa atajwa mbwa-mwitu wa nchi za baridi, wala si mbwa-mwitu wa Afrika, ambaye ni mnyama mwingine. Schenkel aliona wanyama wale wakishindana kwa ukuu, naye akaeleza habari ya dume na jike walio juu ya wengine. Mwaka 1970 David Mech wa Marekani alitoa kitabu juu ya mbwa-mwitu, na neno alfa, yaani herufi ya kwanza ya Kiyunani, likaenea kwa jina la mnyama mkuu. Mwaka 1978 watawa wa New Skete, katika jimbo la New York, ambao kazi yao ilikuwa kuzalisha na kufunza mbwa, waliwashauri wasomaji wao kumviringisha chali mbwa aliyekosa, kama ilivyodhaniwa kwamba mbwa-mwitu mkuu humfanyia mdogo wake.

Kisha msingi ule ukatikisika, tena kwa mkono wa mmoja wa walioujenga. Tangu mwaka 1986 Mech aliwatazama mbwa-mwitu waishio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1999 alieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni jamaa moja: baba, mama, na watoto wao wa miaka michache. Wakubwa hawakupata ukuu wao kwa kupigana. Waliupata kwa kuzaa. Kumwita mnyama kama huyo alfa, alisema, hakueleze zaidi kuliko kumwita mzazi wa kibinadamu alfa. Watawa wa New Skete nao waliliondoa shauri lao katika toleo la mwaka 2002. Lakini neno lilikwisha toka katika vitabu vya elimu na kuingia katika mazungumzo ya kila siku, na miaka miwili baadaye likapata televisheni.

Hapo ndipo lawama zilipoanza. Mwaka 2006 shirika la American Humane Association liliitaka idhaa ya National Geographic iache kuonyesha vipindi vile. Mwaka 2008 chama cha waganga wa wanyama wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko la kuonya dhidi ya kutumia fikira ya ubabe katika kurekebisha tabia za mbwa. Na mwaka 2021 kikashauri kwamba mbwa wafunzwe kwa njia za tuzo. Wamteteao Millan hujibu kwamba wasemao hayo hawakukabidhiwa mbwa aliyekwisha uma watu, na kwamba kwa mbwa kama huyo hiari iliyobaki ni mbili tu, nidhamu au kifo. Jibu hili lina uzito wake. Lakini halijibu swali la jina. Hata kama tendo fulani lilikuwa la lazima, bado yafaa kuuliza kama limeitwa kwa jina lake.

Mbwa aitwaye Holly

Mfano mmoja, ulioonyeshwa mwaka 2012, waonyesha jambo hili kuliko maelezo marefu. Holly alikuwa mbwa jike wa aina ya Labrador, rangi ya manjano, mwenye tabia ya kulinda chakula chake kwa ukali. Millan alimwendea wakati wa kula, akamgusa shingoni kwa ghafla. Holly akakenua meno. Millan akazidi kusonga mbele, na mbwa akarudi nyuma, mpaka akalala chini. Kisha, ukali ulipoonekana umekwisha, Millan akanyosha mkono karibu na uso wa mbwa, naye akamwuma mkono kwa nguvu. Millan mwenyewe alisema kwamba hakulitazamia jambo lile.

Wapinzani wake waliichambua picha ile hatua kwa hatua. Walisema kwamba dalili zilikuwa wazi: mbwa anageuza uso, anaramba midomo, mwili wake umekazana. Kwao huyo hakuwa mbwa aliyetulia; alikuwa mbwa aliyekwisha kujaribu kila njia ya kuomba aachwe. Watetezi wake walisema kwamba kuumwa ni sehemu ya kazi ile, na kwamba hakumtupa Holly, bali alimchukua kwake akakaa naye.

Mwanafunzi wa lugha hana haja ya kuamua nani bora kati ya hao. Linalompasa ni kuuliza kauli "mbwa ametulia" hufanya kazi gani. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kauli si maelezo tu. Nyingi ni matendo. Kwa umbo lake, kauli "ametulia" yaeleza hali ya mnyama. Lakini asemapo mtaalamu mbele ya mwenye mbwa na mbele ya watazamaji wa nyumba nyingi, kauli hiyo ni ruhusa. Maana yake ni: sasa waweza kumkaribia. Ikiwa jina halikulingana na hali, ruhusa ile si salama, na atakayedhurika huenda akawa mtoto wa nyumba aliyetazama kipindi akiwa na wazazi wake. Baada ya hapo atakayeuawa ni mbwa.

Uko uchunguzi unaohusika na hatari hiyo. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza majibu ya wenye mbwa 140, waliokuwa wamewapeleka wanyama wao kwa waganga wa tabia. Katika wale waliopata kuwapiga mbwa wao au kuwapiga teke, 43 kwa mia walisema mbwa alijibu kwa ukali. Katika waliowaviringisha chali kwa nguvu, 31 kwa mia. Katika waliowakazia macho, 30 kwa mia. Yapasa kusema kwamba mbwa hao walikuwa na matatizo tangu mwanzo, na hesabu hizi haziwezi kusemwa juu ya mbwa wote. Hata hivyo mbwa wenye matatizo ndio hasa waonyeshwao katika vipindi vya televisheni, na wenye mbwa kama hao ndio watakaotamani kuiga waliyoyaona.

Mtazamaji naye ana shida yake, kwa kuwa haoni tukio bali aona picha iliyokatwa na kuungwa. Mwaka 2016, katika mfululizo mwingine wa Millan, mbwa mmoja aliyekuwa ameua nguruwe aliletwa karibu na nguruwe ili azoezwe, naye akamwuma sikio. Sehemu hiyo fupi ilienea, watu wakakasirika, na maofisa wa wilaya ya Los Angeles wakafanya uchunguzi. Mwisho Millan hakushtakiwa. Idhaa ikaonyesha kipande kirefu zaidi, ambamo mbwa yule yule anatembea pamoja na nguruwe. Kila upande ukapata picha ya kuunga mkono neno lake. Hapo yaonekana kwamba mkasi wa mhariri wa picha nao ni namna ya kutoa jina.

Yafaa itajwe kwamba hata wafunzaji wa njia ya tuzo hawakosi mtindo wa maneno. Victoria Stilwell, Mwingereza aliyeanza mwaka 2005 katika idhaa ya Channel 4 kwa kipindi It's Me or the Dog, humpa mbwa tuzo na sifa kwa sauti nyororo, na ukali wa ulimi wake huuelekeza kwa wenye mbwa. Kwa watazamaji wengine ukali huo ni uchangamfu. Kwa wengine ni dharau. Lakini yeye akimtaja mbwa kuwa na hofu, humwita mwenye hofu, na kwa jambo hili kauli yake haimpi mtazamaji ruhusa asiyostahili kupewa.

Haja ya Kiswahili

Vipindi vya namna hii vyaweza kuonekana Afrika Mashariki, na maneno yake hufasiriwa na watu, kwa maandishi au kwa mazungumzo. Basi yafaa kutazama Kiswahili kina mali gani katika jambo hili. Si kweli kwamba lugha hii ni maskini wa maneno ya mbwa kwa sababu wenyeji wengi wa pwani hawamweki mbwa ndani ya nyumba, kama ionyavyo methali kwamba ukicheza na mbwa atakufuata mpaka msikitini. Maneno yanayohitajiwa si ya mbwa hasa. Ni maneno ya kutawala, kufunza, kutisha na kutuliza, na hayo yamejaa tele.

Hatari ya kwanza i katika neno la nidhamu. Kiswahili chasema "kumrudi mtoto", na kitenzi hicho chachukua pamoja maana ya kumwonya, kumsahihisha na kumpiga. Chasema "kumtia mtu adabu", na mara nyingi aliyetiwa adabu ni aliyepata adhabu. Maneno adabu na adhabu yametoka katika mashina mawili mbalimbali ya Kiarabu, moja la mwenendo mwema na moja la mateso; lakini katika sikio la Mswahili yamekaribiana kwa sauti, na katika desturi yamekaribiana kwa maana. Mfasiri atakayeandika kwamba mfunzaji "alimrudi" mbwa atakuwa ameficha kama alimgusa, alimvuta shingo au alimpiga. Kufichika huku ndiko kunakozua ubishi katika Kiingereza pia, ambako mvuto wa mkufu huitwa sahihisho. Yafaa zaidi kutaja tendo: alimgusa kwa vidole, alivuta kigwe, alimlaza kwa nguvu.

Hatari ya pili i katika neno la hali ya mbwa. Mfasiri wa haraka ataandika "mtulivu na mtiifu". Lakini utii ni jambo la hiari. Mtu hutii amri aliyoielewa na aliyoweza kuikataa. Mnyama aliyelazwa chali hakutii, ametiishwa. Kiswahili kina neema ya viambishi vya vitenzi ambavyo hutofautisha mambo haya kwa silabi moja au mbili: ametii, ametiishwa, ametulia, ametulizwa. Tena kina vitenzi vya mwili ambavyo lugha nyingine zaweza kuvionea wivu. Mbwa ajikunyataye ameukunja mwili wake kwa woga. Mbwa aliyenyong'onyea ameishiwa nguvu. Mbwa aliyeganda amesimama bila kutikisika, naye huenda akauma. Mbwa aliyetulia hana dalili hizo: viungo vyake vimelegea, pumzi yake ni ya kawaida, na akiitwa huja. Mwenye kuchagua moja ya vitenzi hivi hana budi kuutazama mwili wa mnyama kwanza, na hiyo ndiyo faida yake.

Hatari ya tatu ni neno la ukubwa. Kama alfa ataitwa mbabe, msomaji atafikiri juu ya mwenye nguvu za kupigana. Kama ataitwa mtawala, atafikiri juu ya serikali. Kwa kufuata maelezo ya Mech ya mwaka 1999, neno lililo karibu zaidi na ukweli wa porini ni mzazi. Mfasiri wa maneno ya Millan hana ruhusa ya kumbadilishia neno lake, kwa sababu kazi yake ni kueleza alilosema. Lakini mwandishi wa kitabu cha elimu ya wanyama hana sababu ya kuendelea kuandika mbabe pale ambapo wanyama wenyewe ni baba, mama na watoto.

Liko na jambo la nne, dogo lakini lenye manufaa, nalo ni sauti ya amri. Amri za Kiswahili huishia kwa vokali, wala hazina ile konsonanti kali ya mwisho ambayo Woodhouse aliitia mkazo. Ukipimwa kwa matokeo ya McConnell, upungufu huu si hasara. Amri "kaa" yaweza kuvutwa na kushushwa, jambo lifaalo kumsimamisha mnyama. Na "njoo, njoo, njoo", ikitamkwa kwa wepesi na kurudiwa, ina umbo lifaalo kumwita. Mwenye kufunza mbwa kwa Kiswahili hana haja ya kuazima amri za kigeni.

Kwa hayo yote utaratibu mmoja waweza kupendekezwa kwa mfasiri na kwa mtunga istilahi. Kwanza autaje mwili: mkia, masikio, kinywa, mkao. Pili alitaje tendo la mtu kwa kitenzi chake halisi. Tatu, baada ya hayo, aitaje hali ya mnyama. Na ikiwa hali hiyo inabishaniwa, amtaje msemaji: Millan asema ametulia, wapinzani wake wasema ametishika. Hukumu ya kama mtindo wa mfunzaji ni mwema au mbaya imwachiwe msomaji, ambaye kwa njia hii atakuwa na vitu vya kuhukumia. Kosa la istilahi katika kitabu husahihishwa katika toleo la pili. Kosa la kusema kwamba mbwa aliyeganda kwa hofu ametulia haliwezi kungoja toleo la pili, kwa kuwa aliyelisikia amekwisha kunyosha mkono.